A ya Kwanza, A ya Mwisho

Mwezi uliopita nilikuwa nashuka kutoka Mgeta kwa bodaboda. Nilikuwa nimetoka kumwona mama, na jambo lililonipeleka kwake halikuwa limefanikiwa, kwa hiyo nilikaa nyuma ya yule kijana nimenuna. Tulipomaliza kona ya kwanza nikasikia kitu kinagonga mbele yetu. Ko. Tukapita jiwe jingine. Ko. Haikuwa sauti ya mnyororo wala ya madigadi yaliyolegea. Ilikuwa kama mtu aliyejificha ndani ya chuma anabisha hodi kwa fimbo, tena upande wa kulia tu. Kununa kukaniponyoka. Nikampiga kijana begani, nikamwambia asimame.

"Vipi sista, umesahau kitu?"

"Hii shokapu yako ya kulia ilifunguliwa lini?"

Aligeuka akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Juzi tu. Kuna fundi kaniwekea springi mpya. Umejuaje?"

"Kibomba amekitanguliza chini. Kinatakiwa kikae juu ya springi."

"Aisee," alisema. Kisha akaniuliza kwa adabu kama mimi ni fundi. Nikamwambia hapana, nafundisha hesabu shule ya msingi. Akawasha pikipiki taratibu, na njia nzima hadi lami akawa anaendesha huku ametega sikio. Mimi nyuma yake sikuwepo tena. Nilikuwa Mwembesongo, nina miaka minane, nimeshika springi yenye oili kwa mikono miwili.

Wewe unanifahamu, unajua mimi si mtu wa mashine. Hata blenda nyumbani huwa naiwasha kwa tahadhari. Lakini sauti ile naijua kuliko ninavyojua kengele ya shule yetu, na sijawahi kukueleza nilivyoijua.

Mama yangu alikuwa bibi shamba. Kazi yake ilikuwa kupanda milimani kuwafundisha wakulima kuchimba makinga maji, kutenga mbegu na kupulizia kabichi bila kujipulizia wao. Kwa ajili hiyo alikuwa na pikipiki ya njia mbovu, ile ndefu yenye matairi ya meno na madigadi yaliyoinuka juu sana kuliko tairi, ukiiona imesimama unadhani inataka kuruka ukuta. Mradi ulipoisha pikipiki ikabaki kwake. Mtaa mzima ulizoea kumwona akitoka alfajiri amefunga khanga juu ya suruali, kofia ngumu kichwani, na tenga tupu limefungwa nyuma. Jioni tenga lilirudi limejaa fyulisi, njegere au magimbi, kutegemea msimu na ukarimu wa watu wa juu. Ukitaka kujua utoto wangu ulinukaje, changanya fyulisi zilizoiva sana na petroli.

Aliitengeneza mwenyewe. Mafundi wa mjini walizoea pikipiki fupi, na kila alipowapelekea ile yake walianza kwa kushangaa na kumaliza kwa kumlaumu. Basi akaacha kwenda. Alikuwa na spana zake katika kopo la maziwa ya unga, na kreti la soda la kuinulia injini. Akifungua kitu chochote, mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni nauliza ndani kuna nini. Nilikuwa na ugonjwa huo. Mwalimu wangu wa darasa la pili alinipa ruhusa ya swali moja kwa siku, la pili nimwulize kesho. Redio ya nyumbani niliifungua nikaona waya tu, nikasikitika sana, maana nilitegemea watu.

Kitu kilichonitesa zaidi ni zile shokapu mbili za mbele, mikono miwili mirefu inayoshika tairi. Mama alisema ndani yake kuna springi, lakini alikuwa hajawahi kuzifungua. Miaka ya mawe na matenga ilikuwa imezichosha, na pikipiki ilikuwa imeinama mbele kana kwamba inatafuta shilingi iliyodondoka. Ukiingia shimoni, chuma kiligonga chuma. Mama alivumilia. Asiyevumilia alikuwa bibi.

Bibi, mama yake mama, aliishi juu kabisa upande wa Mgeta, mahali ambapo barabara ya magari inakoma na njia inaendelea yenyewe katikati ya matuta ya mboga. Macho yake yalikuwa yameziba tangu kabla sijazaliwa. Alinijua kwa sauti na kwa vidole. Nikifika alinishika kichwa, masikio, mabega, halafu akasema, "Mke mwenzangu umerefuka, unataka kuniibia mume," ingawa babu alikuwa ameshafariki na hakukuwa na wa kuibiwa. Nilisikia watu wazima wakisema bibi ana mtoto wa jicho. Neno hilo lilininyima usingizi. Mtoto gani, aliingiaje, mbona hakui akatoka? Siku moja nikamwuliza bibi mwenyewe huyo mtoto anakula nini.

"Anakula mwanga," alisema. "Na ana ulafi huyo."

Sasa ikasikika kwamba madaktari wa macho wamekuja mjini kwetu, watakaa siku tano, na mtoto wa jicho wanamtoa. Mama alipanda mlima siku ileile. Akarudi peke yake, amekaza midomo. Bibi alikuwa amekataa. Hakukataa matibabu, alikataa pikipiki. Mara ya mwisho alipopanda nyuma ya mama, waliingia kwenye korongo dogo, mbele ikagonga chini kwa kishindo, na bibi asiyeona kilichotokea akadhani wameanguka mlimani. Alipiga yowe lililotoa watu mashambani. Tangu siku hiyo alisema hilo chuma hapandi tena.

Kushuka kwa miguu hakuweza, mawe hakuyaona. Vijana wa kijijini walijitolea kumbeba kwa machela, na hapo ndipo alipokasirika kabisa. Alisema machela ni ya mtu asiyejua anakopelekwa, yeye anajua. Mama alimbembeleza mpaka akapata sharti moja. Atapanda, lakini ikigonga hata mara moja tu, anashuka papo hapo na anarudi nyumbani kwake, kipofu au si kipofu. Na bibi akisema jambo lilikuwa limesemwa.

Ndiyo maana mama akaagiza springi mpya kutoka Dar es Salaam. Zilipakiwa kwenye basi, basi likaharibika Mikese, springi zikalala huko. Zilipotufikia ilikuwa siku ya tatu ya wale madaktari, jua la saa nane. Mama alifungua gazeti zilimofungwa akazishika moja moja, kisha akaenda kuchukua kopo la spana kabla hata ya kukaa.

Hapa ndipo nataka uwe nami uani, maana mama alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Alitoa doti yake ya khanga kuukuu, ya rangi ya chungwa yenye pindo jeusi, iliyoandikwa MAMA ASANTE KWA MALEZI. Doti hiyo alikuwa ameikata zamani, kwa hiyo zilikuwa khanga mbili zenye maandishi yaleyale. Moja akaitandika upande wa kushoto wa pikipiki, nyingine kulia. Kila kipande alichotoa ndani ya shokapu alikiweka juu ya herufi, kimoja kimoja, kwa kufuata neno. Aliniambia, "Ukifungua, soma kwenda. Ukifunga, soma kurudi." Hapo hukosei hata ukiitwa kula katikati ya kazi.

Alianza kushoto. Alifungua kifuniko cha juu huku amekikandamiza kwa kiganja, maana springi inasukuma na inaweza kukurushia chuma usoni. Kifuniko akakiweka kwenye M. Kikafuata kibomba, kipande cha bomba la plastiki kinachokaa juu ya springi kuikandamiza. Hicho kwenye A. Ikaja washa, kile kisahani chenye tundu kinachotenganisha kibomba na springi, kwenye M ya pili. Halafu mama akaingiza waya wenye ndoano, akavuta polepole, na springi ikapanda kutoka gizani, ndefu, nyeusi, inachuruzika oili. Nikapiga kelele kwa furaha. Kumbe ndani kulikuwa na kitu kweli, si kama redio! Mama akailaza kwenye A ya mwisho.

Vipande vinne, herufi nne. Nilifurahi kana kwamba walioandika khanga ile walijua. Ukisoma kurudi inakuwa AMAM, na nilizunguka ua naimba amam, amam, mpaka mama akaniambia nikae.

Springi mpya zilikuwa fupi kuliko za zamani, kwa hiyo vibomba navyo vilitakiwa vipya, virefu zaidi. Mama aliazima futi ya kupimia nguo kwa jirani yetu fundi cherehani, mzee wa kofia ya kufuma ambaye mashine yake ilikuwa barazani upande wa pili wa ua. Akapima, akakata bomba la maji kwa msumeno, akasugua midomo ya vibomba kwenye sakafu mpaka ikawa laini. Akafungua mkono wa kulia vilevile, akalaza vipande juu ya khanga ya kulia, springi na kibomba kipya mahali pa vya zamani. Akamimina oili mpya kote kuwili. Akafunga kushoto, naangalia: springi ikatangulia, washa, kibomba, kifuniko. Rahisi tu.

Kulia hakufika. Fundi cherehani aliita kwamba kuna simu. Siku hizo simu ya mkononi uani kwetu ilikuwa ya kwake, na nambari yake ndiyo iliyokuwa nambari ya kila mtu. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa kijiji cha bibi, bibi yupo pembeni yake, anataka kusema ameghairi. Mama alitupa kitambaa akakimbia. Nilimsikia kutoka barazani kwa jirani akisema, "Mama. Mama nisikilize. Mama tafadhali," na sauti yake ilikuwa ya mtoto. Iliniogopesha kuisikia hivyo.

Na mvua ikaja. Wewe wajua mvua inavyoshuka kutoka Uluguru, mlima unafutika kwanza, halafu unasikia mabati ya majirani, halafu ya kwako. Nilishika khanga ya kulia pembe zote nne nikaikimbiza barazani kwetu na vipande vyake ndani. Nilipoitandika tena vyote vilikuwa vimejikusanya katikati. Pikipiki yenyewe ilikuwa chini ya ukingo wa bati, mdomo wa shokapu uko wazi, nikaufunika kwa kikombe.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua kusoma. Kifuniko kilikuwa kwenye M, na kifuniko ni kifuniko, lazima kiwe M ya kwanza. Washa ilikuwa M nyingine. Zikabaki A mbili na vitu viwili. Kibomba kilikuwa kwenye A, nakumbuka. Springi ilikuwa kwenye A, nakumbuka pia. A ipi? Nilifikiri kidogo, nikaamua springi ndiyo yenye kazi kubwa, ndiyo tuliyoingojea kutoka Dar, haiwezekani ikawa ya mwisho. Nikaipa A ya kwanza. Kibomba nikakipa A ya mwisho, kisha nikasoma kurudi, kwa uaminifu kabisa. Kibomba kikatumbukia. Washa. Springi. Fundi cherehani alikuja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani kuniambia mama bado anazungumza, nikamwomba anikandamizie kifuniko kwa kiganja. Alikandamiza kwa nguvu zote, huku anasema bismillahi, mimi nikazungusha mpaka kikashika.

Mama aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa ameshinda. Bibi atangoja asubuhi, sharti ni lilelile. Alikuta kazi imekwisha. Akakaza kifuniko kwa spana, akashika usukani, akabonyeza mbele kwa uzito wake wote. Pikipiki ikashuka, ikapanda, kimya, laini. Akanikumbatia na mikono yake ya oili akaniita fundi wangu. Usiku nililala nimejaa fahari.

Alfajiri aliondoka. Mimi nikaenda shule, na saa ya Kiswahili mwalimu akatuambia tuandike maneno ambayo silabi zake zinajirudia. Nikaandika baba, dada, kaka. Nikaandika mama. Penseli ikasimama. Niliona mkono wa mama ukifunga upande wa kushoto. Kitu cha kwanza kuingia kilikuwa springi. Mimi cha kwanza kuingiza kilikuwa kibomba. Nikazitazama zile A mbili kwenye daftari langu, moja imefanana na nyingine, nikajua nimezigeuza. Swali langu la siku hiyo nilimwuliza mwalimu kama herufi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na kazi tofauti. Alisema ni swali zuri, atanijibu kesho.

Saa sita nilikimbia hadi kwa fundi cherehani. Nilimsalimu shikamoo huku nalia, nikamweleza yote. Alisimamisha mashine, akakitazama kiganja chake.

"Na mimi ndiye niliyekandamiza," alisema.

Akajaribu kumpigia mwenyekiti, simu haikupatikana. Basi tukakaa. Alinipa kopo la vifungo nivichague kwa rangi, na mkewe akaniletea karanga za Gairo zilizokaangwa, sikuweza kumeza hata moja. Nilifikiria korongo. Nilifikiria ko moja tu, na bibi akishuka, akishika njia ya kurudi kwa kupapasa, na yule mtoto mlafi akimaliza mwanga wote uliobaki. Madaktari walikuwa wamebakiza siku moja. Kosa lilikuwa langu na hakuna aliyelijua ila mimi na mzee wa vifungo. Sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku ya kujifungua.

Saa kumi tukaisikia. Nilikimbilia nyuma ya pipa la maji. Pikipiki ikaingia uani na juu yake watu wawili, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Bibi alishuka kwa kushikiliwa, akanyoosha kitenge, akauliza kwa kile Kiswahili chake chenye mkokoto wa Kiluguru:

"Yuko wapi fundi?"

Nikatoka. Ningefanya nini? Akanipapasa kichwa, masikio, mabega. Hapo ndipo mama alipoanza kucheka, akashindwa kuendelea, bibi akasimulia mwenyewe.

Kupanda hakukuwa na kitu, mama alikuwa peke yake na mzigo haukuelemea mbele. Kushuka, kona ya tatu tu: ko. Bibi akasema simama. Mama akasema ni jiwe. Bibi akasema jiwe halibishi hodi, hiki kinabisha mkono wa kulia, chini, ndani. Miaka ya kutoona ilikuwa imempa masikio ya ajabu. Akashuka kama alivyoahidi, akageukia mlimani, fimbo mbele. Mama alimwomba kitu kimoja, akae juu ya jiwe kwa muda mfupi aifungue aone. Alitandika khanga yake palepale njiani. Ikatoka springi kwanza, kabla ya kibomba, na mama akaelewa. Kibomba kilipotoka mdomo wake ulikuwa umeliwa na chuma cha chini.

"Nikamwuliza, nani kafunga hii?" bibi alisema. "Akaniambia, mjukuu wako, kakosea A. Nikasema hebu nipe nishike."

Mama alimpa vipande mapajani, kimoja kimoja. Bibi alivipapasa, springi, washa, kibomba, akauliza kila kimoja kazi yake. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akasema miaka yote alidhani ndani ya lile dude kuna kitu ambacho mtu hawezi kukielewa, na ndicho alichokuwa anakiogopa. Kumbe ni vitu vinne, mtoto wa darasa la pili anaviingiza kwa mkono, akikosea vinasema. Akamrudishia mama vipande kwa mpangilio wake, springi ikitangulia. Mama akafunga, akamwomba apande. Akapanda.

"Nilisema ikigonga nashuka," alimalizia. "Nilishuka. Sikusema sitapanda tena."

Nililia nikiwa nimeshika kitenge chake. Fundi cherehani alikuja kumsalimu, naye akaungama habari za kiganja, bibi akamwambia kiganja hakina kosa.

Jicho lilifanyiwa kazi siku ya mwisho ya madaktari. Siku ya kutoa bandeji tulirudi naye uani, amekaa kwenye mkeka, anapepesa, anatazama vitu bila kusema. Alitazama kuku. Alitazama mlima juu ya mabati ya jirani, akautazama sana. Kisha akasema aletewe kile kibomba kilichotaka kumrudisha. Mama alikuwa ameshakata kingine, kile kilicholiwa mdomo kilikuwa ndani ya kopo la spana. Bibi akakipangusa, akakigeuza, akakiweka kwenye jicho lake jipya na kufumba lile jingine. Akalenga cherehani. Akalenga mama, akakaa hapo kidogo. Akanilenga mimi.

"Kumbe una mwanya," alisema. "Mke mwenzangu, huo mwanya ni wangu."

Miaka minane alikuwa amenishika, hakuwahi kuniona. Na mimi sikuwahi kufikiri kwamba hakuwa ameniona.

Bibi alituacha zamani sasa. Pikipiki ilizeeka kabla yake, ikauzwa kwa mnunuzi wa vyuma, mama hakutoka nje siku ilipobebwa. Baraza la fundi cherehani ni duka la vocha na chaja. Watu bado wanatengeneza pikipiki mtaani, tena zaidi kuliko zamani, lakini kijana akifungua kitu anapiga picha kwa simu, kipande kwa kipande, na picha haikosei A. Ni njia bora, naikubali. Ila hakuna mtoto anayechuchumaa pembeni ya picha. Khanga ninayo mimi. Ina madoa manne ya oili ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza, moja juu ya kila herufi ya neno la kwanza.

Mama alistaafu akaenda kuishi juu, katika nyumba ya bibi na mashamba ya bibi, kama ilivyo kwetu, ardhi hufuata upande wa mama. Na huko mtoto wa jicho akamkuta. Ndilo lililonipeleka mwezi uliopita. Nilimkuta anapapasa ukuta wa jikoni, nikamwambia tushuke hospitali, akakataa katakata. Alisema bodaboda za siku hizi hazifanyiwi kazi, zinapakwa rangi tu. Sauti ilikuwa ya bibi mtupu, nusura nitazame nyuma yake.

Kwa hiyo nilipofika mjini na yule kijana wa ko, nilimwambia asiende kokote. Tuliingia uani Mwembesongo, nikatandika khanga. Alitoa simu yake apige picha, nikamwambia apige kama anataka, lakini kwanza asome. Tukasoma kwenda. Tukasoma kurudi. Alikandamiza yeye, nikazungusha mimi.

Jumamosi iliyofuata tukapanda. Mama alikuwa amekaa mlangoni, ametega sikio tangu tulipokuwa kona ya chini, nilimwona. Pikipiki ikazimwa. Nikamsalimu, akaitikia, lakini uso wake ulikuwa kwenye mashine.

"Haigongi," alisema. "Nani kafunga?"

"Mimi, mama."

Alinyoosha mkono hewani akanitafuta, akanipata kichwa, sikio, bega.

"Ulianza na A ipi?"

"Ya mwisho."

Akaniambia nimletee viatu.